Namba 1 ya Brownville: kufuatilia maisha ya Daniel Freeman, mkulima wa Nebraska

Daniel Freeman hutajwa mara nyingi katika historia ya Marekani kuwa mtu wa kwanza kuomba shamba chini ya sheria ya Homestead, iliyowagawia walowezi ardhi ya serikali ya Marekani, na simulizi inayoandamana na jina lake ni tamu kiasi kwamba wasomaji wachache hujisumbua kuuliza imetoka wapi. Inasemwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1863 Freeman alikuwa Brownville, mji mdogo wa gati kwenye Mto Missouri, katika Nebraska ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawa jimbo kamili. Palikuwa na dansi ya mwaka mpya, naye alikuwa na haraka, kwa kuwa asubuhi alitakiwa kurudi jeshini, maana Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Akamsihi mtumishi wa ofisi ya ardhi amfungulie mlango mara tu saa sita ya usiku itakapopita, mtumishi akakubali, na ombi lake likaandikwa kabla ya watu wengine wote kuamka.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu ni nadra mkulima mmoja kuacha nyuma yake simulizi nene na jalada nene kwa pamoja. Kwa kuviweka viwili hivyo sambamba, mtu anayemtafuta babu yake aliyelima kwenye ukingo wa makazi mapya anaweza kuona kila kimoja kinabeba nini. Simulizi ya Freeman inaeleza saa moja ya maisha yake. Karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya serikali, ambazo leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, zinaeleza miaka mitano, tena kwa lugha kavu isiyomvutia mtu yeyote. Nadhani kosa la wafuatiliaji wengi wa nasaba ni kutumia nguvu zao zote kuthibitisha ile saa moja.

Tuanze na yaliyo imara. Freeman alizaliwa mwaka 1826 katika wilaya ya Preble, Ohio, familia yake ikahamia Illinois akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya uganga wa mitishamba na tiba kabla ya kuelekea magharibi. Sheria aliyoitumia ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 na ikaanza kutumika siku ya kwanza ya mwaka 1863. Ilimpa haki ya kuomba ekari 160, yaani kama hekta 65, mtu yeyote aliyekuwa mkuu wa kaya au aliyefikisha umri wa miaka 21, awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia, mradi hajawahi kuinua silaha dhidi ya Marekani. Mwanamke asiye na mume na mjane waliweza kuomba pia. Ardhi yenyewe haikuuzwa. Zililipwa ada ambazo kwa kawaida zilifika dola 18 kwa jumla. Mwombaji alipaswa kuishi juu ya ardhi hiyo na kuilima kwa miaka mitano, kisha kuleta mashahidi wawili waape kwamba ameyafanya hayo kweli.

Ombi la Freeman lina namba 1, na lina tarehe 1 Januari 1863. Hapo wengi husimama na kusema kesi imekwisha. Lakini namba hizo hazikutolewa na ofisi moja ya taifa. Kila ofisi ya ardhi ilihesabu maombi yake yenyewe kuanzia moja. Kila ofisi ilikuwa na namba 1 yake, na kwa kuwa sheria ilianza kutumika siku moja nchi nzima, ofisi zaidi ya moja zilipokea watu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo namba 1 inathibitisha jambo dogo kuliko linalodaiwa: kwamba Freeman alikuwa wa kwanza Brownville. Haithibitishi kuwa alikuwa wa kwanza Marekani nzima, na wala haisemi chochote kuhusu saa sita ya usiku, kwa sababu ombi linaandikwa tarehe, haliandikwi saa. Simsemi Freeman kuwa mwongo. Ninachosema ni kwamba karatasi hii inajibu swali moja, nasi tumekuwa tukiisomea jibu la swali jingine.

Utajiri wa jalada umo katika mstari ambao msomaji wa kawaida huuruka, yaani maelezo ya mahali shamba lilipo. Ardhi ya Freeman imeandikwa hivi, nikiufasiri mfumo wao kwa maneno marefu zaidi: nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, pamoja na robo ya kaskazini-mashariki ya robo hiyo hiyo, pamoja na robo ya kusini-magharibi ya robo ya kaskazini-mashariki, zote katika kipande namba 26 cha mraba wa 4 kaskazini na wa 5 mashariki. Maneno haya yanachosha, lakini yanahesabika. Wapimaji wa serikali waliigawa nchi katika miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba ukakatwa vipande 36 vya ekari 640. Huku Nebraska, mstari wa kuanzia kuhesabu kwenda kaskazini ndio mpaka wake na Kansas. Mraba wa nne kutoka mpaka huo unaanza maili 18 juu yake, na kipande namba 26 kimo katika safu ya pili kutoka chini, kwa hiyo shamba la Freeman lilikuwa kati ya maili 19 na 20 kaskazini ya Kansas. Mtu aliye na karatasi hii na ramani nzuri anaweza kufika shambani bila kuuliza njia. Kwetu, ambako mipaka ya mashamba mengi ilitunzwa na mwembe, mfereji na kumbukumbu ya wazee, ni vigumu kutouonea wivu mpango huu, ingawa una dosari yake nitakayoieleza mbele.

Sasa chukua kalamu uchore. Robo ya robo ya kipande ni ekari 40, mraba wenye upande wa robo maili, yaani kama mita 400. Freeman alichukua miraba minne ya namna hiyo, ambayo haikuunda mraba mmoja mkubwa. Mitatu imepangwa mstari mmoja kutoka magharibi kwenda mashariki, na mmoja umekaa juu ya ule wa katikati, upande wa kaskazini. Umbo linalotokea ni la herufi T iliyopinduliwa. Mtu angeweza kuchukua robo nzima ya kipande, mraba safi wa ekari 160, na watu wengi walifanya hivyo. Kwa nini huyu akachagua umbo lililovunjika?

Jibu liko katika kijito kiitwacho Cub Creek kinachopita katika ardhi hiyo. Mashariki ya Nebraska ni mbuga ya majani marefu, na miti iliota zaidi kandokando ya vijito. Mkulima aliyefika huko alihitaji maji kwa ajili ya watu na mifugo, magogo ya kujengea, kuni za majira ya baridi kali na nguzo za ua, kabla hajafikiria kuuza gunia moja la mahindi. Waliokosa miti walijenga kwa matofali ya udongo uliokatwa na majani yake na kupasha moto nyumba kwa mavi makavu ya wanyama. Umbo la T linaonyesha mtu aliyekusanya maji, miti na ardhi ya kulima ndani ya ekari 160 bila kupoteza ekari juu ya kile asichokihitaji. Linaonyesha pia kwamba aliijua ardhi hiyo kabla hajafika kwenye dawati la Brownville. Mtu hawezi kuandika vipande vinne vya namna hiyo kwa kubahatisha. Lazima alikuwa ameitembelea, au alikuwa na taarifa za mtu aliyeitembelea. Ukitaka kumwona Freeman mkulima, mtu wa hesabu na jicho la ardhi, mtazame hapa. Dansi ya mwaka mpya haikuonyeshi mtu huyo.

Hati ya pili yenye uzito ni kiapo cha mashahidi cha tarehe 20 Januari 1868, siku chache tu baada ya miaka mitano kutimia. Majirani wawili, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick, waliapa kwamba wamemfahamu Freeman kwa zaidi ya miaka mitano, kwamba ni mkuu wa familia yenye mke na watoto wawili, na kwamba ameishi na kulima hapo. Kisha wanaorodhesha. Nyumba ni ya ghorofa moja, sehemu ya magogo na sehemu ya mbao, futi 14 kwa 20, yaani takribani mita 4.3 kwa 6.1, yenye milango miwili, madirisha mawili, paa la vigae vya mbao na sakafu ya mbao. Ekari kama 35 zimelimwa na kuzungushiwa ua. Kuna zizi, kuna banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, kuna ghala la mahindi, na imepandwa miti 40 ya matofaa na ya pichi ipatayo 400.

Orodha hii ningeisoma polepole. Ekari 35 kati ya 160 ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano, baada ya miaka mitano. Mizizi ya majani ya mbuga ilikuwa imesukana chini ya udongo kwa karne nyingi, na kuivunja kwa mara ya kwanza kulihitaji jembe maalumu la chuma na wanyama wengi wa kulikokota. Aliyefikisha ekari 35 hakuwa mvivu. Banda la kondoo lina urefu wa mara tano ya upande mrefu wa nyumba, na hilo linaeleza fedha zilitarajiwa kutoka wapi: sufu husafirishika mbali bila kuoza, na Mto Missouri ulikuwa safari ya siku kadhaa kwa mkokoteni. Miche 400 ya pichi ni habari nyingine. Pichi huzaa haraka kuliko tofaa, lakini huchukia baridi ya ghafla, nayo Nebraska ina baridi ya ghafla kwa wingi. Aliyepanda vile alikuwa ama na matumaini makubwa ama na mbegu za bure, na sioni sababu ya kuchagua kati ya hayo mawili.

Hata hivyo kiapo hiki kina lengo, na lengo hilo lazima likumbukwe kila kinapotumiwa. Majirani hawakuitwa kuandika maisha ya mtu; waliitwa kuthibitisha masharti ya sheria. Ndiyo maana nyumba ina milango na madirisha yaliyohesabiwa na sakafu iliyotajwa, na kiapo kinaongeza kwamba ni nyumba ya starehe ya kuishi. Ofisi ya ardhi ilishazoea watu waliosogeza kibanda kimoja kutoka shamba hadi shamba ili kila mmoja aape kuwa amejenga. Tena mashahidi wa namna hii mara nyingi walibadilishana: leo wewe unaniapia, mwezi ujao mimi nitakuapia. Jambo hilo halifanyi kiapo kuwa cha uongo. Linamtaka mfuatiliaji asome pia jalada za mashahidi wenyewe, kwa sababu jirani aliyeapa huwa ndiye aliyesaidia kuvuna, na pengine ni shemeji.

Swali gumu zaidi katika kisa hiki ni miaka ya 1863 na 1864. Kiapo kinasema Freeman aliishi shambani mfululizo. Simulizi, kwa upande wake, inasema aliomba usiku ule ule kwa sababu alikuwa anarudi vitani, na katika masimulizi tofauti yeye huitwa mara askari, mara mpelelezi wa jeshi la Kaskazini. Mawili haya hayakai vizuri pamoja, maana sheria ilisema mwombaji aliyeliacha shamba kwa zaidi ya miezi sita angeweza kulipoteza. Mtu akiwa mbele ya jalada hili asiharakishe kuchagua upande. Askari aliyeandikishwa huacha kadi za utumishi katika kikosi chake, na yeye au mjane wake huacha maombi ya pensheni, ambayo mara nyingi hujaa barua za majirani na vyeti vya ndoa. Mpelelezi aliyelipwa kwa kazi moja moja angeweza kutoacha karatasi hata moja ya aina hiyo. Kwa hiyo tofauti kati ya maneno mawili ambayo familia huyatumia kana kwamba ni jambo moja ndiyo inayoamua ni rafu gani itafutwe. Katika uzito wa ushahidi, utumishi wa kijeshi wa Freeman uko chini sana ya mahindi yake.

Kinachojulikana ni kwamba mnamo Februari 1865 alimwoa Agnes Suiter wa Le Claire, Iowa, mji ulio kando ya Mto Mississippi. Agnes alikuwa amechumbiwa na James, mdogo wake Daniel, ambaye alikufa katika vita. Daniel akaanza kumwandikia barua, na kwa barua akamposa. Agnes alikuwa mdogo kwa Daniel kwa zaidi ya miaka kumi na tano, naye alikuja kuishi katika chumba kile cha futi 14 kwa 20. Katika kiapo cha 1868 yeye ni neno moja tu, "mke", halafu watoto wawili. Freeman aliwahi kuoa kabla ya Agnes na alikuwa na watoto wa ndoa hiyo ya kwanza, lakini kiapo hakiwataji. Sheria haikuuliza mtu ana watoto wangapi duniani. Iliuliza kama ni mkuu wa kaya. Mjukuu anayejenga mti wa ukoo kwa kutegemea jalada la ardhi peke yake angeikata familia nusu bila kujua. Agnes aliishi hadi 1931, zaidi ya miaka ishirini baada ya mumewe, na mengi yaliyohifadhiwa kuhusu miaka ya mwanzo yalipita mikononi mwake. Hilo nalo ni la kuzingatia tunaposikia simulizi za Freeman: tunasikia kilichobaki kwa mjane na watoto baada ya kurudiwa kwa miaka mingi.

Ile dosari ya mfumo wa vipimo niliyoigusa ni hii. Kipande namba 26 kinaonekana kwenye karatasi kana kwamba kilikuwa kitupu mpaka mpimaji alipofika. Ardhi hiyo ilikuwa ya watu wa Oto na Missouria, makabila ya wenyeji wa asili, ambao kwa mkataba wa mwaka 1854 waliachia ardhi yao ya magharibi ya Mto Missouri na kubakiziwa hifadhi kando ya Mto Big Blue, kwenye mpaka wa Nebraska na Kansas. Freeman alipokuwa akipanda pichi zake walikuwa majirani zake upande wa kusini, si kumbukumbu ya kale. Hifadhi hiyo nayo iliuzwa kwa walowezi, na mwaka 1881 wakahamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hakuna karatasi hata moja katika jalada la shamba inayowataja. Atakayeandika maisha ya Freeman akaishia kwenye jalada atarudia ukimya huo, na ukimya huo haukuwa bahati mbaya. Jalada lilibuniwa kuanzia pale ambapo mwenye nchi wa awali alikwisha kufutwa.

Hati ya mwisho ya umiliki ilitolewa tarehe 1 Septemba 1869. Kutoka hapo Freeman anaonekana katika karatasi za aina nyingine, na mojawapo inamwonyesha vizuri kuliko zote. Mwaka 1899 alipinga mwalimu wa shule ya jirani kusoma Biblia, kusali na kuimba nyimbo za dini darasani pamoja na wanafunzi. Halmashauri ya shule ikamuunga mkono mwalimu, mahakama ya wilaya nayo ikamkatalia Freeman, lakini hakuacha. Mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Nebraska ilimpa ushindi katika kesi ijulikanayo kama Freeman dhidi ya Scheve. Mahakama ilipoulizwa tena ilifafanua kwamba Biblia yenyewe haikupigwa marufuku shuleni. Kilichokatazwa ni ibada na mafundisho ya madhehebu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, akigombana na majirani zake mwenyewe. Katika kumbukumbu za mahakama kuna ukali na ung'ang'anizi ambao kiapo cha Graff na Kilpatrick hakikuwa na nafasi ya kuuonyesha. Freeman alikufa mwishoni mwa 1908 akazikwa kwenye ardhi yake, na mwaka 1936 Bunge la Marekani likalifanya shamba hilo kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa.

Wakulima wengi hawakupata heshima hiyo, na njia ya kuwafuata ni ile ile kwa hatua tofauti. Hati za umiliki za serikali zinatafutwa mtandaoni kwa jina bila malipo, na kwa Nebraska jalada kamili za mashamba haya zimepigwa picha. Orodha za kilimo zilizoambatana na sensa za 1870 na 1880 zinaonyesha ekari, mifugo na mavuno ya kila shamba, na sensa ya jimbo ya 1885 inasaidia kuziba pengo lililoachwa na sensa ya 1890, ambayo karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Lakini hati ya umiliki hupatikana kwa aliyefaulu tu. Maombi yaliyofikishwa mwisho ni kama milioni 1.6, na waliojaribu walikuwa wengi zaidi ya hao. Waliobaki waliuza haki zao, au walishindwa na ukame, nzige, deni au upweke, wakaondoka. Majina yao hayamo katika orodha ya hati. Yamo katika vitabu vya ofisi za ardhi vilivyoandikwa kwa mpangilio wa vipande, ambamo jina la mwombaji limekatwa kwa mstari na jina la anayefuata kuandikwa chini yake, na vitabu hivyo haviwezi kufunguliwa kwa kutafuta jina. Vinafunguliwa kwa namba ya kipande na ya mraba. Kwa mtu ambaye familia yake inakumbuka tu kwamba babu "aliwahi kuwa na shamba mahali fulani karibu na Beatrice", mji wa Nebraska ulio karibu na shamba la Freeman, kazi ya kwanza ni kupata namba hizo kutoka kwa jirani aliyefaulu, ambaye alibaki, na ambaye huenda jina lake limo katika barua moja ya zamani kama shahidi au mkopeshaji.